Watu Kumi na Wawili na Hadithi Moja

Mwanzoni mwa mwaka 1941, Wazungu wa Nairobi walikuwa wameshamtia hatiani Sir Jock Delves Broughton kabla hajapandishwa kizimbani. Alfajiri ya Januari 24, Lord Erroll, mtu mashuhuri katika siasa na starehe za walowezi, alikutwa amekufa ndani ya gari lake aina ya Buick kwenye njia panda ya Karen, amepigwa risasi ya kichwa. Kwamba Erroll alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na Diana, mke wa Broughton, halikuwa jambo la kunong'onezana tena. Broughton alikuwa na miaka 57, mkewe 27, na ndoa yao haikuwa imetimiza hata miezi mitatu. Mume mzee, mke kijana, mpenzi mtanashati: kisa kilikuwa kimekamilika, kikisubiri mwisho wake tu.

Kesi ilianza Mei 26. Upande wa mashtaka ulidai kwamba risasi zilizomuua Erroll zililingana na zile zilizookotwa katika shamba moja la Nanyuki ambako Broughton aliwahi kufanya mazoezi ya kulenga shabaha, na kwamba zote zilitoka kwenye bastola yake ya Colt, ambayo mwenyewe alikuwa ameripoti kuibwa. Wakili wa utetezi, Harry Morris, aliyeletwa kutoka Johannesburg, hakuhangaika sana na habari za wivu. Alikomaa na michirizi ya risasi. Mtutu wa Colt huacha michirizi sita inayopinda kushoto, ilhali risasi zilizoletwa mahakamani zilikuwa na michirizi mitano inayopinda kulia. Julai 1, jopo la Wazungu watupu lilirudi na uamuzi wake: hana hatia.

Watu wale walikuwa wakiishi katika mji mdogo uliojaa minong'ono juu ya kesi hiyo. Waliingia mahakamani wakiwa wameshasikia kisa kizima, na bado wakakiacha. Jambo gani humfanya raia wa kawaida, asiyesomea sheria, ashikilie simulizi moja au aitupe? Wanasaikolojia wamelifuatilia swali hilo kwa zaidi ya nusu karne, hasa Marekani na Uingereza, ambako hatima ya mshtakiwa wa kosa kubwa bado huwekwa mikononi mwa watu waliookotwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha za raia.

Kulichunguza jopo si kazi rahisi. Wajumbe wake hujadiliana faraghani na hawatoi sababu za uamuzi wao. Hutamka kwamba mshtakiwa ana hatia au hana, basi. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliruhusiwa na majaji wa Wichita, Kansas, kurekodi kwa siri majadiliano ya majopo kadhaa. Habari zilipovuja, zilizuka ghadhabu kubwa, na mwaka 1956 Bunge la Marekani likapiga marufuku kurekodi majopo ya mahakama za shirikisho. Uingereza nayo inamhesabu kuwa mhalifu mwanajopo anayetoa nje yaliyosemwa chumbani. Ndiyo maana mengi tunayoyajua yametokana na mahojiano ya baada ya kesi, na majopo ya majaribio ambamo watu wa kawaida huonyeshwa kesi iliyoigizwa kisha wakaombwa kuamua.

Katika majaribio hayo, yaliyofungua macho ya wengi zaidi ni ya Nancy Pennington na Reid Hastie katika miaka ya 1980. Waliwaonyesha watu igizo la kesi iliyotungwa kutokana na kesi ya kweli. Wanaume wawili, Johnson na Caldwell, wanagombana baa mchana; Caldwell anamtishia mwenzake kwa wembe. Jioni Johnson anarudi kwenye baa ileile, ugomvi unazuka nje, na Caldwell anakufa kwa kuchomwa kisu. Ushahidi ulikuwa ule ule kwa kila mtazamaji. Lakini walipoulizwa nini kilitokea, walisimulia mambo ambayo hakuna shahidi aliyeyasema. Waliomwona Johnson kuwa muuaji aliyekusudia walikuwa na hakika kwamba alirudi nyumbani kukichukua kisu. Waliomwona kuwa alijitetea walikuwa na hakika vilevile kwamba kisu hicho hutembea nacho siku zote.

Wanasheria wengi huwachukulia wanajopo kama watu wanaojumlisha ushahidi kipande kwa kipande, kama muuza duka anayepanga mawe upande mmoja wa mizani na unga upande wa pili. Pennington na Hastie waliona kitu tofauti kabisa. Mtu akisikiliza kesi hutunga hadithi yenye chanzo, nia, tendo na matokeo. Panapopwaya, hujaziliza kwa anayoyajua kuhusu maisha: walevi hufanya nini, mume aliyesalitiwa hujisikiaje, mwizi anafananaje. Hadithi ikishasimama, ndipo anapoangalia ni kosa lipi kati ya yaliyotajwa na jaji linaloendana nayo. Na akishaijenga, huanza kukumbuka kana kwamba ameyasikia mahakamani mambo aliyoyabuni mwenyewe.

Jaribio lao jingine, la mwaka 1988, linapaswa kumkosesha usingizi kila wakili. Waliuchukua ushahidi ule ule, bila kuongeza wala kupunguza, wakabadili mpangilio wake tu. Upande wa mashtaka ulipoeleza mambo yake kwa mfuatano wa tukio, huku utetezi ukiyatoa vipande vipande kwa kufuata zamu za mashahidi, asilimia 78 walimtia mshtakiwa hatiani. Mpangilio ulipogeuzwa, utetezi ukasimulia kwa mfuatano na mashtaka yakatawanyika, waliomtia hatiani walishuka hadi asilimia 31. Ukweli haukubadilika. Kilichobadilika ni urahisi wa kuufuata.

Hapo ndipo ustadi wa Morris pale Nairobi unapoeleweka. Angeweza kutunga kisa kingine cha kushindana na kile cha wivu, na angeshindwa, kwa sababu kile cha wivu kilikuwa kitamu mno. Badala yake alikitafuta kiungo kimoja ambacho bila hicho kisa chote kingekosa miguu, yaani bastola, akakivunja mbele ya macho ya watu kwa kitu kinachohesabika.

Bahati mbaya ni kwamba viungo vinavyoonekana imara kuliko vyote ndivyo mara nyingi vilivyooza ndani. Cha kwanza ni shahidi aliyeona kwa macho yake. Mwaka 1984, mjini Burlington, North Carolina, mwanafunzi wa chuo alibakwa chumbani mwake. Wakati wa shambulio alijilazimisha kuikariri sura ya mbakaji ili baadaye amtambue. Katika picha za polisi alimchagua Ronald Cotton, na katika gwaride la utambuzi akamchagua tena. Polisi wakamthibitishia kwamba ndiye yule yule wa kwenye picha. Mahakamani alitoa ushahidi wake bila kuyumba, na Cotton akafungwa maisha. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, mbakaji halisi, Bobby Poole, aliletwa mahakamani, na mwathirika akasema hajawahi kumwona. Vinasaba vilimtoa Cotton gerezani mwaka 1995, baada ya zaidi ya miaka 10.

Mwathirika yule hakusema uongo hata kidogo, na hilo ndilo linalotisha. Wanajopo hupima ukweli wa shahidi kwa uhakika wa sauti yake, na uhakika huo unaweza kupandwa na mtu mwingine. Mwaka 1998 Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha kwamba shahidi aliyechagua mtu asiyehusika, akiambiwa tu kwamba amefanya vizuri kumtambua mshukiwa, baadaye husema alikuwa na hakika tangu mwanzo, na kwamba aliiona sura ile vizuri zaidi kuliko alivyoiona. Kati ya watu 375 wa kwanza waliosafishwa kwa vinasaba Marekani, takriban 7 kati ya kila 10 walikuwa wametambuliwa kimakosa na mashahidi.

Kiungo cha pili ni kukiri. Aprili 1989, mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York, alipigwa na kubakwa hadi karibu kufa. Vijana watano, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wenye umri wa miaka 14 hadi 16, walikamatwa na kuhojiwa kwa saa nyingi. Wanne walirekodiwa kwenye video wakikiri. Maelezo yao yalipingana kuhusu mahali, muda na nani alifanya nini. Vinasaba vilivyopatikana havikumgusa hata mmoja wao. Majopo mawili yaliwatia hatiani mwaka 1990. Mwaka 2002 mfungwa Matias Reyes alikiri kwamba alifanya unyama ule peke yake, vinasaba vikawa vyake, na hukumu zote zikafutwa.

Kwa nini video iliushinda ushahidi wa maabara? Kwa sababu katika hadithi ya mtu wa kawaida hakuna sura inayosema kwamba mtoto asiye na kosa anaweza kukiri ubakaji. Saul Kassin na Holly Sukel waliwapa watu kesi ambamo kukiri kulipatikana kwa kushurutishwa. Wasomaji walikubali wenyewe kwamba mshtakiwa alilazimishwa, na wakasema kwamba jambo hilo halikuwaathiri. Bado waliomtia hatiani walikuwa wengi kuliko wale waliopewa kesi ile ile isiyo na ungamo lolote. Hata walipoambiwa kwamba jaji ameukataa ushahidi huo, haukuwatoka vichwani. Jaji anaposema "puuzeni mliyoyasikia", anaomba kitu ambacho akili ya binadamu haijaumbwa kukifanya kwa amri.

Kesi ya Central Park inatupeleka pia kwenye sehemu ya pili ya mambo haya, ambayo ni chumba chenyewe. Jopo la kwanza lilikaa siku 10 likijadiliana. Mjumbe mmoja hakuridhishwa na maelezo ya vijana wale, akabaki peke yake akiwauliza wenzake maswali. Miaka mingi baadaye alieleza katika filamu ya kumbukumbu iliyotoka mwaka 2012 kwamba mwishowe alichoka kabisa, akakubali ili atoke mle ndani.

Watu wengi wameijua kazi ya jopo kupitia filamu ya mwaka 1957 ambamo Henry Fonda, akiwa mmoja dhidi ya kumi na mmoja, anawageuza wenzake wote kwa hoja. Ni filamu ya kupendeza, lakini chumba halisi mara chache hufanana nayo. Harry Kalven na Hans Zeisel, katika kitabu chao cha mwaka 1966, waligundua kwamba upande uliokuwa na wengi katika kura ya kwanza ndio ulioshinda takriban mara 9 kati ya 10. Kwa maana hiyo, kesi nyingi huwa zimeshaamuliwa kabla majadiliano hayajapamba moto. Majaribio maarufu ya Solomon Asch ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 yanasaidia kulielewa jambo hili. Watu walioulizwa swali jepesi kabisa, kulinganisha urefu wa mistari, walifuata jibu la uongo la wenzao katika takriban theluthi moja ya majibu. Lakini alipopatikana mwenzao mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Mtu anayeshuku akiwa peke yake chumbani huanza kujishuku mwenyewe. Wakiwa wawili, shaka yao inakuwa hoja.

Ni haki pia kusema kwamba raia hawa si wabovu kama wanavyodhaniwa. Kalven na Zeisel waliwauliza majaji wa Marekani kuhusu kesi zaidi ya 3,500: je, wewe ungeamua vipi? Katika zaidi ya robo tatu ya kesi hizo jaji na jopo waliafikiana. Walipotofautiana, mara nyingi jopo ndilo lililokuwa na huruma zaidi. Norbert Kerr na Robert MacCoun walionyesha mwaka 1988 kwamba jopo lililogawanyika nusu kwa nusu huelekea zaidi kumwachia mshtakiwa, kwa sababu mwenye kushuku ana silaha moja ambayo mwenzake hana: kanuni ya kwamba kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka.

Hadithi hujazwa kwa uzoefu wa anayeitunga. Kwa hiyo haiwezekani kuzungumzia uamuzi wa jopo bila kuuliza ni nani walioketi humo, na mtu wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulijua hilo. Katika Kenya ya kikoloni, haki ya kuhukumiwa na jopo ilikuwa ya Wazungu, nalo lilikuwa jopo la Wazungu wenzao. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee washauri ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Mwaka 1911 mlowezi Galbraith Cole alimuua kwa risasi Mwafrika aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Hakukana kumpiga. Jopo likamwachia, na aibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ya Uingereza ikaagiza afukuzwe nchini. Wanajopo wale waliusikia ushahidi wote. Katika hadithi waliyoitunga, aliyekufa hakuwa mtu mwenye uzito wa kutosha.

Haya si mambo ya kale. Huko Mississippi, Curtis Flowers alishtakiwa mara sita kwa mauaji yale yale ya watu wanne dukani mwaka 1996, na mwendesha mashtaka yule yule aliwaondoa raia weusi 41 kati ya 42 aliopata nafasi ya kuwakataa. Majopo manne yaliyomtia hatiani hayakuwa na mweusi, au yalikuwa na mmoja tu. Mawili yaliyokuwa na weusi watano na watatu hayakuafikiana. Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu mwaka 2019, na mwaka uliofuata mashtaka yakafutwa.

Wengi hudhani faida ya mchanganyiko ni kwamba mweusi atamtetea mweusi. Utafiti wa Samuel Sommers, uliochapishwa mwaka 2006 na kutumia raia walioitwa mahakamani Michigan, unaonyesha jambo lenye kina zaidi. Majopo yaliyochanganyika yalijadili kwa muda mrefu zaidi na kuzigusa hoja nyingi zaidi, na Wazungu waliokuwa ndani yake walikosea kidogo kuliko Wazungu waliokaa peke yao. Mtu anayejua kwamba jirani yake huenda hakuyaona mambo kama yeye huwa mwangalifu tangu kabla hajafungua kinywa.

Kanuni ya kuafikiana wote nayo ina kazi hiyohiyo. Louisiana iliweka sheria ya kutosheka na kura za walio wengi katika mkutano wa katiba wa mwaka 1898, ulioitishwa waziwazi kulinda ukuu wa Wazungu, ili mweusi mmoja au wawili wakiingia kwenye jopo sauti zao zisizuie kitu. Sheria ya namna hiyo ilidumu zaidi ya karne. Evangelisto Ramos alifungwa maisha mwaka 2016 kwa kura 10 dhidi ya 2, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2020 kwamba kosa kubwa lazima lithibitishwe kwa kauli moja. Nguvu ya kauli moja si kwamba humpa mkaidi mmoja veto. Inawalazimu walio kumi kuwasikiliza walio wawili, kwa sababu bila wao hawatoki.

Afrika Mashariki haikurithi jopo la raia kumi na wawili. Ilirithi wazee wa baraza, wawili au zaidi, wanaosikiliza kesi za mauaji na kumpa jaji maoni. Kenya iliwafuta mwaka 2007. Tanzania, kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, iliacha kuwafanya wa lazima. Uganda bado inao. Inavutia kufikiri kwamba jaji mmoja msomi amesalimika na udhaifu wote ulioelezwa hapa, lakini sivyo. Mwaka 2005 Andrew Wistrich, Chris Guthrie na Jeffrey Rachlinski waliwapa majaji wa Marekani kesi za mfano zenye ushahidi usiokubalika kisheria. Katika baadhi ya kesi waliweza kuuweka kando. Katika nyingine ushahidi huo uliwasukuma vilevile, ingawa wengine wao ndio walioukataa kwa kalamu zao.

Tofauti kubwa ya jaji iko kwenye karatasi. Sheria inamtaka aandike masuala ya kuamuliwa, uamuzi wake na sababu zake, na hapo ndipo hadithi aliyoijenga inapoweza kufumuliwa na mwingine. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliitumia nafasi hiyo mwaka 1980 katika kesi ya Waziri Amani. Ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote, na kwamba hakuna wa kutiwa hatiani kwa huo mpaka mahakama ijiridhishe kwamba uwezekano wa kukosea umeondolewa: shahidi alimtazama kwa muda gani, akiwa umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alikuwa akimfahamu kabla? Mahakama ya juu ya New Jersey ilichukua hadi mwaka 2011 kuagiza majopo ya jimbo hilo yapewe maelekezo ya kina ya namna hiyo yanayotokana na utafiti wa kisaikolojia. Hadi leo, hukumu za ujambazi wa usiku nchini Tanzania hutenguliwa kwenye rufaa kwa sababu shahidi alisema tu kwamba taa ilikuwa inawaka, na hakuna aliyemuuliza ilikuwa taa ya aina gani, iliwekwa wapi, na ilikuwa na mwanga kiasi gani.